Ndege Haipiti Kaliua

Mjukuu wangu Neema alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi, akinisomea habari za safari ya dada yangu. Dada Vero alikuwa anakwenda Tabora kwa ndege, mara ya kwanza maishani mwake, kupimwa mguu mpya wa bandia. Wa zamani umechakaa, unalia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Babu, kumbe Tabora ni karibu," alisema Neema. "Dakika arobaini tu. Na umbali wenyewe ni mfupi kuliko wa treni. Mfupi sana."

"Mfupi kivipi? Tabora haijahama."

"Wamepima mstari ulionyooka, babu. Ndege haipiti Kaliua!"

Akacheka, akaendelea kuchezea simu. Mimi nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na zizi la mbuzi kama mtu aliyesahau alichofuata. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku uliopita. Udongo ulikuwa unanuka ile harufu ambayo ninyi wa rika langu mnaijua, harufu ya vumbi lililozimwa, na juu yake harufu ya majani mabichi yaliyotafunwa. Harufu hiyo watu wengi wanaipenda. Mimi kwa miaka yote hii naikimbia.

Katikati ya miaka ya themanini baba yangu alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Mpanda. Nikisema kiwanja msifikirie hicho cha lami kilichopo leo, chenye uzio na taa. Kilikuwa ukanda wa udongo mwekundu na majani, na kibanda cha mabati kilichokuwa na kiti kimoja, panga la kufyekea, na saa ya mkono ya baba iliyoning'inia kwenye msumari kwa sababu mkanda wake ulikuwa umekatika. Ndege hazikuwa nyingi. Iliyokuja mara kwa mara ilikuwa ndogo, ya wamisionari, iliyokaa Tabora. Ilileta dawa na barua, ikachukua wagonjwa walioishinda hospitali yetu. Rubani wake alikuwa Mzungu mzee mwenye masikio makubwa. Tulimwita Padri Mabawa, ingawa hakuwa padri.

Habari za ndege zilikuja hivi. Misheni walikuwa na radio ya mawasiliano, na aliyekaa nayo alikuwa Mzee Nestori, mtu wa Katumba, mmoja wa wale waliokuja kutoka Burundi wakiwa vijana wakazeekea kwetu. Ndege ikiruka Tabora aliambiwa kwenye radio. Basi alitoka nje akapiga kipande cha reli kilichofungwa mtini, mapigo matatu mazito, na sisi kiwanjani tukasikia. Kipande hichohicho kiliita watoto kwenye mafundisho ya dini, ila hayo yalikuwa mapigo mengi ya harakaharaka.

Sheria ya baba ilikuwa fupi. "Kengele ikilia, ng'ombe watoke. Ndege itafika saa ngapi, hiyo ni kazi ya rubani."

Ng'ombe walikuwa wa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia upande wa Magamba na mifugo mingi na maneno mengi zaidi. Majani ya kiwanja yalifyekwa mwaka mzima, kwa hiyo ndiyo yaliyochipua kwanza, na ng'ombe wake waliyajua kuliko yeye. Kila kengele ilipolia ulikuwa ugomvi.

"Ndege yenyewe bado iko Unyamwezini," Masanja alilalamika, "na mimi ninaondolewa kama mwizi! Ng'ombe wakae na njaa kwa sababu ya kitu ambacho hata hakionekani?"

"Kikionekana utakuwa umechelewa," baba alimjibu.

Mimi nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa naongoza kwenye hesabu. Nasema hivyo si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia. Nilijiuliza kwa nini tusijue ndege itafika saa ngapi. Nikamwomba mwalimu ramani ya Tanzania, ile ya kitambaa iliyopasuka kona, nikaitandika sakafuni nyumbani. Dada Vero alinishikia uzi. Alikuwa amenizidi miaka sita, alikuwa mrefu, mwenye miguu mirefu iliyomfanya atembee kama mtu anayevuka vijito. Alikandamiza uzi pale Tabora kwa kidole, mimi nikaufuatisha juu ya reli: Urambo, Kaliua, hapo nikaukunja, nikashuka nao hadi mto Ugalla, Katumba, Mpanda.

"Kwa nini unaukunja?" aliniuliza.

"Reli inakunja."

"Sasa ndege ina magurudumu ya reli? Ukiunyoosha je?"

Nilimcheka. Nilimcheka kweli, kwa kicheko kile cha mtoto aliyeko shule dhidi ya aliyemaliza. Nikamwambia kwamba katikati ni pori tupu la miombo, hakuna mji, hakuna njia, na rubani asipofuata reli atapotelea kwa tembo. Kwetu sisi Tabora ilikuwa mwisho wa reli. Hapakuwa na mtu niliyemfahamu aliyewahi kwenda Tabora bila kupitia Kaliua, na sikuweza kufikiri kwamba angani kuna ruhusa ambayo chini haipo.

Padri Mabawa alipokuja nilimuuliza mwendo wa ndege yake kwa saa. Aliniambia, akanipiga kofi la kirafiki kisogoni. Nikagawanya. Jibu likatoka saa moja na nusu.

Mara iliyofuata kengele ilipolia nilitazama saa kwenye msumari. Ndege ilitokea kaskazini, juu ya reli, baada ya saa moja na nusu na dakika chache. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nilisimama mbele ya baba na Masanja nikasema, "Sasa hivi," na mlio ukasikika. Masanja alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni mwalimu!"

Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, na kila jioni kikaja kibuyu cha maziwa ya mgando nyumbani kwetu. Sikuona kwamba nilikuwa nimenunuliwa. Nilijiona nimetambuliwa. Baba alikuwa hayupo mara nyingi, anafyeka upande wa mbali, na mimi nikaanza kumwachia Masanja muda. Kengele ikilia, ng'ombe wanaendelea kula, na mimi nasimama juu ya kiti cha baba nikitangaza vituo kama kondakta wa treni.

"Mwalimu, iko wapi?"

"Inapita Urambo."

"Mwalimu, na sasa?"

"Iko Kaliua, inakata kona."

"Itupishe hapohapo Kaliua!" Masanja alisema, na wachungaji wake wakacheka. "Tuagizie na tumbaku!"

Ilipokuwa "imevuka Ugalla" ndipo tulipoanza kuswaga ng'ombe, na ikifika Katumba kiwanja kilikuwa cheupe. Hesabu haikunidanganya hata siku moja kiangazi chote.

Lakini mnakumbuka kiangazi chetu kilivyokuwa. Wakata mkaa, warina asali, wanaosafisha mashamba, kila mtu anawasha moto wake, na moshi unakaa angani hadi jua linakuwa jekundu kama jicho la mlevi. Mimi niliuona moshi huo kila siku, nikaunusa, nikaukohoa. Sikuwahi kuuingiza kwenye hesabu.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Siku mbili baadaye Dada Vero alikuwa anapeleka jembe na mbegu shambani Mwamkulu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwenye kijito gurudumu moja liliingia shimoni, mkokoteni ukapinduka, ukamlalia mguu wa kulia chini ya goti. Walimfikisha hospitali jioni. Kesho yake asubuhi nilimwona. Alikuwa analalamikia gauni lililochanika, si mguu. Ila vidole vya mguu vilikuwa na rangi ambayo sikuijua, na daktari alimwambia baba kwamba akifikishwa Tabora siku hiyohiyo mguu unaweza kupona, akichelewa, yeye hajui. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema siku hiyohiyo.

Misheni wakaita ndege kwa radio. Ikajibiwa kwamba itakuja mchana.

Baba alikuwa anahangaika kuomba dizeli ya gari la hospitali kwenye ofisi za wilaya. Alinishika bega. "Leo kiwanja ni chako," alisema. "Kengele ikilia, toa ng'ombe. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Usinipigie hesabu leo."

"Sawa, baba."

Kengele ililia saa nane na dakika tano. Mapigo matatu. Niliyahesabu, na leo bado naweza kuyahesabu. Anga lilikuwa limeoshwa, la bluu hadi mwisho, na upande wa magharibi wingu zito lilikuwa linajijenga. Ng'ombe wa Masanja walikuwa wametapakaa kiwanja kizima. Walikuwa wamekonda, mbavu nje, na majani yalikuwa yamechipua urefu wa kidole. Waliyakata kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa.

"Mwalimu," Masanja alisema, na safari hii hakutania, "waone walivyo. Wape kidogo tu."

Niliwatazama. Nilitazama saa. Ndege ingefika saa tisa na nusu na zaidi, na kuwaondoa kulichukua robo saa. Nikasema tutawatoa saa tisa na robo. Nikapanda kwenye kiti.

Sikusahau dada yangu. Watu wangedhani nilisahau, na ingekuwa nafuu. Nilimkumbuka vizuri kabisa. Nilikuwa na hakika tu.

Saa tisa ilipopita kwa dakika chache Masanja aligeuza kichwa. "Mwalimu, iko wapi?"

"Kaliua imeshaiacha. Inakaribia Ugalla."

"Sasa hiyo ni nini?"

Nilisikia. Nikasema, "Ni lori la tumbaku la Inyonga." Nilijua si lori. Nilitazama kaskazini, juu ya reli, na hapakuwa na kitu. Ndege ilitoka mashariki, juu ya misitu, upande ambao sikuwahi kuutazama, ndogo na nyeupe na safi, ikishuka moja kwa moja kwetu.

Tulikimbia. Masanja alipiga mayowe, wachungaji wakapiga fimbo, lakini mlio uliwatisha ng'ombe wakatawanyika badala ya kutoka. Ndege ilishuka hadi nikaona masikio ya Padri Mabawa, ikanyanyuka, ikazunguka. Mara ya pili hivyohivyo. Tulikuwa tumetoa nusu. Mara ya tatu ndama mmoja alisimama katikati ya kiwanja, miguu imempanuka, akiita mama yake, na wingu la magharibi lilikuwa limeshafika juu ya mji. Ndege ilipanda, ikageukia ilikotoka.

Gari la hospitali lilikuwa linaingia kiwanjani wakati huohuo. Baba alishuka kabla halijasimama. Nyuma, kwenye godoro, Dada Vero alikuwa amelala uso juu, na mlango ulipofunguliwa kitu cha kwanza alichokiona ni ndege ikiwa na ukubwa wa mbayuwayu.

Baba hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kengele ililia saa ngapi?"

Nikasema, "Haikulia."

Masanja alinitazama. Kisha akageuka, akaenda kukusanya ng'ombe wake.

Mvua ilinyesha siku nzima iliyofuata na ndege haikuweza kuja. Dada aliondoka kwa treni siku ya tatu, na treni ilichelewa Kaliua ikisubiri mabehewa ya Kigoma. Tabora walimkata mguu juu ya goti.

Siku moja tu baada ya ndege kurudi, baba alikwenda misheni, na mimi nikiwa nyuma yake. Mzee Nestori alitoka akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimepiga, bwana," alisema. "Tatu. Kwa mkono huu."

"Mwanangu hawezi kunidanganya."

"Mimi sisemi mtoto ni mwongo. Ninasema nimepiga."

Watu walikusanyika. Wengine walisema walisikia chuma, wengine wakasema yalikuwa mafundisho ya dini. Baba alisema neno ambalo hakuwahi kulirudia maishani, na naliandika kwa sababu mimi ndiye niliyelitia mdomoni mwake. "Nyie wakimbizi mmekaribishwa hapa, mkapewa mashamba. Kazi ya kugonga chuma tu inawashinda?"

Mzee Nestori alinitazama mimi, si baba. Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa miwili.

Waliondoa radio mikononi mwake wakampa bustani. Kwa miaka iliyobaki, kila nilipopita na sare za sekondari, aliacha jembe akaniuliza, "Mwanangu, masomo yanakwendaje?" Nikajibu mbio mbio nikapita. Nilidhani haelewi. Nilidhani anaamini labda kweli hakupiga.

Padri Mabawa alipokuja tena, baada ya wiki kadhaa, alimweleza baba bila kuulizwa, huku mimi nikishusha maboksi ya dawa. Wakati wa moshi anafuata reli asipotee, alisema, hata kama ni mbali. Mvua ikishasafisha hewa anakata moja kwa moja juu ya pori, saa moja tu na dakika kidogo. Baba aliitikia kwa kichwa. Hakunitazama. Mpaka anakufa sijui kama alijumlisha.

Dada alirudi na magongo. Hakunung'unika. Mchumba wake wa Mwamkulu alikuja mara mbili, mara ya tatu hakuja. Alijifunza kushona, akapata watoto wawili, akazika mmoja. Mlio wa gongo lake sakafuni ndio saa ya nyumbani kwetu, na mimi nimeishi ndani ya mlio huo hadi nimekuwa babu, nimeng'oka meno, na sijasema.

Basi juzi asubuhi tulimsindikiza kiwanjani, mimi na Neema. Neema alikwenda kupanga foleni ya mizigo. Mimi na dada tulikaa kwenye benchi nje, karibu na uzio. Ng'ombe hawaingii tena pale. Lakini majani yalikuwa yamechipua kandokando ya lami, na ile harufu ilikuwepo.

"Dada," nilisema, "siku ile kengele ililia."

Hakugeuka. Alikuwa anafungua pipi kwa meno. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilikuwa wodini, dirisha liko wazi. Nilikuwa naisubiri kuliko mtu yeyote Mpanda nzima. Mapigo matatu. Nikamwambia nesi, niletee kanga yangu nzuri, naenda Tabora." Akaitia pipi mdomoni. "Halafu nikafika hapa nikakusikia unasema haikulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Baba angekuvunja, tungekuwa viwete wawili." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na nilitaka useme wewe. Nikasema nitampa mwezi mmoja. Halafu nikasema mpaka amalize shule. Baadaye nikaacha kuhesabu."

"Na Mzee Nestori..."

"Mimi nilimwambia. Nilipotoka Tabora nilikwenda bustanini kwake kwa magongo. Nikamwambia, baba, niliisikia. Alilia. Akaniomba nisimwambie mtu mwingine, kijana anasoma, ataharibikiwa."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote ile, kila aliponiuliza masomo yanakwendaje, alijua.

Mlio ulisikika. Watu walinyanyua vichwa. Mimi niligeukia kaskazini kwa mazoea, na dada akanishika kidevu kwa vidole viwili, kama alivyofanya nikiwa mdogo, akanigeuza uso upande wa mashariki. Ilikuwa inashuka juu ya misitu, moja kwa moja.

"Nisamehe, dada."

Aliitazama ndege hadi ikagusa lami. "Umefika," alisema. "Ila mdogo wangu, umepitia Kaliua."

Neema alikuwa anamwita. Alisimama, mguu ukalia, akashika bega langu kupata mizani. "Mzee Nestori amezikwa Katumba," alisema. "Watoto wake wako kulekule. Wamekua wakisikia baba yao alishindwa kugonga chuma. Utakwenda lini?"

"Nitakwenda. Ngoja kwanza nirudi nyumbani nijipange, labda wiki ijayo, nikishapata..."

"Unaona?" alisema. "Unaukunja tena uzi."

Akaondoka kuelekea kwenye ndege, taratibu, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia ngazi. Nilisubiri mpaka iliporuka. Nje ya uzio vijana wa bodaboda walikuwa wanagombea abiria, na mmoja akaniuliza, "Mzee, twende wapi, nyumbani?"

Nikamwambia, "Katumba. Usipite popote."